Siku 12 za Majengo: mgomo wa 1947 uliongozwaje?

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa iliamka bila wafanyakazi. Makuli hawakwenda bandarini Kilindini, watu wa reli hawakutokea, hoteli zilikosa wapishi na nyumba za Wazungu zikakosa maboi. Watu wapatao 15,000 walisusia kazi kwa siku 12. Mgomo huo umezoeleka kusimuliwa kama sura mojawapo ya siasa za kudai uhuru, na ni haki yake. Hapa nautazama kwa jicho la mtu mwenye watu chini yake kazini. Umati wa namna hiyo, usio na ofisi, usio na daftari la wanachama wala senti ya akiba, ulishikwaje pamoja hadi siku ya mwisho?

Wengi watakujibu: Chege Kibachia. Ni kweli kwamba kijana huyo msomi kutoka Kiambu ndiye aliyekuja kuwa sauti ya wagomaji, na chama chao, African Workers' Federation, kikajulikana kwa jina lake. Lakini tazama mfuatano wa mambo. Mgomo ulianza kwanza. Chama kiliundwa watu wakiwa tayari wamekwisha kuacha kazi, na Kibachia akakabidhiwa uongozi wa kundi ambalo hakuliunda yeye. Meneja mgeni anayeingia idarani akidhani kazi inaanza siku aliyofika yeye angefaidika sana kuujua mfuatano huo.

Kundi hilo lilikuwa limefinyangwa katika mtaa wa Majengo. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma na baraza mbele, na kila chumba kina mpangaji wake. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mji ulikuwa umefurika na vyumba havikutosha. Mkamba, Mjaluo, Mgiriama, Mkikuyu na Mswahili walipanga chini ya paa moja na kupikia ua mmoja. Mmoja alikuwa kuli, wa pili tarishi, wa tatu mpishi wa hoteli. Bei ya unga ilipopanda iliwapandia wote, na malalamiko ya bandarini yalikuwa yamekwisha kufika relini na hotelini kupitia barazani, kabla hayajafika kwenye meza ya mwajiri yeyote.

Lakini kulalamika pamoja ni jambo jepesi. Kilicho kigumu ni siku ya tano ya mgomo, pale akiba ya jikoni inapokwisha na uvumi unapoanza kutembea kwamba fulani wamerudi kazini usiku. Hapo ndipo wagomaji walipofanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ufundi wao mkubwa: mkutano wa hadhara kila siku, palepale Majengo, uwanjani, mbele ya macho ya kila mtu.

Anayejua kazi ya melini ataelewa mara moja. Genge la makuli liko chini ndani ya ngama, yaani shimo la mizigo, likipanga magunia kwenye wavu. Mwenye winchi yuko juu na haoni kinachoendelea shimoni. Kati yao husimama mtu mmoja ukingoni mwa mlango wa ngama, anayeona chini na kuonekana juu, na mkono wake ndio unaosema inua, shusha, simama. Akigeuza uso kidogo tu, wavu wenye magunia unaweza kumwangukia mtu. Serahangi mzuri, yaani msimamizi wa genge, hukichagua kwa makini sana kichwa cha kuweka pale, maana nguvu za genge zima hazina faida bila mkono ule. Mkutano wa Majengo ulifanya kazi hiyo. Yaliyosemwa na serikali, yaliyosemwa na waajiri, msimamo wa jana na swali la leo, yote yalitolewa kwa watu wote kwa wakati mmoja. Aliyekuwa na wasiwasi aliuona umati kwa macho yake, akajua wenzake bado wapo. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, siku zile 12 zilipita bila ghasia kubwa. Anayepata habari kamili hana haja ya kurusha jiwe.

Mgomo ulikwisha baada ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, kuja Mombasa na kuzungumza na wagomaji. Walirudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yangesikilizwa. Serikali ikaunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, yule yule aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Nyongeza ilipatikana, na ilikuwa nyongeza ya kweli. Lakini haikugawanywa sawa. Mwajiriwa wa kudumu mwenye miaka mingi kazini alitazamwa kwa jicho moja, na kibarua wa kutwa kwa jicho jingine.

Agosti mwaka huo Kibachia, aliyekuwa ameanza kukieneza chama hadi Nairobi, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Kabarnet, Baringo, akakaa huko miaka kumi. Chama kikadhoofika hadi kufa. Wanahistoria huutaja sana mkono wa serikali, na ulikuwa mzito kweli. Mimi naona pigo la kwanza lilikuwa limeshapigwa katika ile hesabu ya mishahara. Watu waliosimama pamoja kwa sababu shida yao ilikuwa moja walirudi kwenye vyumba vilevile wakiwa na malipo yasiyolingana, na hakukuwa tena na mkutano wa kila siku wa kulizungumza jambo hilo. Msimamizi yeyote aliyewahi kutangaza nyongeza kwa baadhi ya watu wake bila kuwaeleza wengine sababu anaujua ukimya unaofuata: watu wanafika kwa wakati, wanafanya walichoambiwa, na hakuna anayemsaidia mwenzake.

Machi 1955 makuli waligoma tena. Safari hii ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na kukusanya watu uwanjani lilikuwa jambo la kutiliwa shaka. Tom Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alishuka kutoka Nairobi akiwa na umri wa miaka 24. Aliwashawishi wagomaji warudi kazini ili mazungumzo yaanze, kauli ambayo ingeweza kumfanya aitwe msaliti papo hapo. Walimsikiliza, na usuluhishi ukawapa nyongeza ya asilimia 33.

Kwangu mimi, asilimia hiyo si sehemu kubwa ya habari. Safari hii mgomo uliacha nyuma yake chama cha makuli wenyewe, chenye viongozi wake waliotoka kazini humo humo na walioweza kuketi na waajiri kwa utaratibu uliokubaliwa na pande zote mbili, bila kungoja mtu wa Nairobi. Mwaka huo huo Mboya aliondoka kwenda kusoma Ruskin College, Oxford, akakaa huko karibu mwaka mzima. Chama cha makuli wa Mombasa hakikufa. Mpaka leo kipo.