Kutoka HTDA, kwenda HTDA

Mwanafunzi wa urubani anaondoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, anatua Zanzibar, anatua Tanga, kisha anarudi Dar. Akiijaza safari hiyo kwenye daftari la kidijitali kwa mstari mmoja, kutoka HTDA, yaani Dar, kwenda HTDA, programu inayopima mstari ulionyooka kati ya viwanja viwili humwandikia umbali wa sifuri. Kumbe ameruka takriban maili 214 za baharini: 39 hadi Zanzibar, 68 hadi Tanga, 107 kurudi. Sifuri hiyo ina gharama. Kwa leseni ya rubani binafsi, kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hudai safari moja ya peke yake isiyopungua maili 150, yenye kutua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Mkaguzi haoni Zanzibar wala Tanga pasipoandikwa.

Dawa ni mistari mitatu, au mstari mmoja wenye safu ya njia: HTDA HTZA HTTG HTDA. Mistari mitatu ni kazi zaidi, lakini kila kutua hubaki na uwanja wake na saa yake.

Herufi hizo nne ni msimbo wa ICAO: H ya kwanza ni ya kanda, T ya pili ni Tanzania, kama K ilivyo ya Kenya katika HKMO, Mombasa. Herufi tatu za tiketi, DAR au ZNZ, zinafaa kutafutia uwanja, si kuuhifadhi. Msimbo wa IST ulikuwa wa Atatürk, Istanbul, hadi Aprili 2019 ulipohamia uwanja mpya wa jiji hilo. Hata herufi nne huhama: VHHH ilikuwa Kai Tak, Hong Kong, Julai 1998 ikawa Chek Lap Kok. Daftari lililohifadhi msimbo mtupu, kanzidata yake ikisasishwa, huzihamisha safari za zamani bila kumuuliza mwenyewe. Kwa hiyo kila uwanja hupewa namba ya ndani isiyobadilika, na msimbo huwekwa pembeni pamoja na tarehe za matumizi yake.

Viwanja vya nyasi na changarawe visivyo na msimbo vina shida yao. Kwenye mpango wa safari rubani huandika ZZZZ na kulitaja jina la mahali hapo katika sehemu nyingine ya fomu. ZZZZ hiyo ikinakiliwa daftarini, viwanja kumi vya porini huwa uwanja mmoja. Hapo rubani huunda uwanja wake mwenyewe daftarini, kwa jina na kwa latitudo na longitudo.

Alama ya kutoa haichezewi. Uwanja wa Julius Nyerere uko kwenye latitudo -6.878 na longitudo 39.203; alama hiyo ikidondoka, ndege inatua karibu na mji wa Dodola, Ethiopia. Na si ramani tu inayoharibika: programu hupata saa za usiku kwa kukokotoa machweo ya pale uwanja ulipo, hivyo mahali pakikosewa, saa za usiku nazo zinakosewa.

Safu ya njia hupokea pia majina yasiyo ya viwanja. Alama za njia, yaani sehemu za angani zenye majina, kwa kawaida huwa na herufi tano zinazotamkika na hazirudiwi ovyo. Majina ya vituo vya redio vya kuongozea ndege, yenye herufi moja hadi tatu, hurudiwa. Disemba 1995 marubani wa ndege iliyokuwa ikikaribia Cali, Colombia, waliingiza R wakikusudia kituo cha Rozo. Kompyuta ikashika kituo cha Romeo, karibu na Bogotá, ndege ikageuka na kugonga mlima. Watu 159 walikufa. Daftarini kosa la aina hiyo haliui, ila huchora mstari unaoruka hadi bara jingine na kurudi, na maili zake hujumlishwa kimyakimya. Programu iliyotungwa vizuri haichagui yenyewe: huonyesha vituo vyote vya jina hilo pamoja na nchi, cha karibu na njia kikiwa juu, na anayechagua ni rubani.