Video Haina Mkono

Kuna ubishi umezuka miongoni mwetu vijana wa hapa Ulemo, nami naomba niutie mdomo. Ubishi wenyewe ni huu: mtu anayetaka kuijua dansi ya ukumbini, ile ya kushikana wawili, walzi, rumba, chacha na ndugu zao, amtafute mwalimu amlipe amfundishe peke yake, au akae na simu yake aangalie video mpaka aive? Wa upande wa mwalimu wanasema video ni kudanganyana tu. Wa upande wa video wanacheka: mwalimu yuko wapi bwana? Hapa kwetu Iramba mwalimu wa walzi ni kama samaki wa baharini, mpaka aletwe.

Msomaji wa mjini atashangaa: ninyi watu wa alizeti mna shida gani na walzi? Shida ipo, na jina lake ni harusi. Siku hizi sherehe haijakolea mpaka bwana na bibi harusi wafungue muziki. MC anawaita katikati, ukumbi mzima unanyanyua simu kurekodi, na hapo ndipo maji na mafuta vinapojitenga. Wenye uwezo huwa wamemleta mtaalamu kutoka mjini, nauli juu yao, malazi juu yao, ujira juu yao. Wasio na uwezo wamenunua bando.

Tuzihakiki kwanza hizo video, maana nimeziangalia nyingi, tena kwa makini, kama tulivyofundishwa kuhakiki riwaya. Fani yake haibadiliki sana. Ukumbi mtupu wenye vioo, mwalimu mwenye viatu vinavyong'aa, anahesabu moja, mbili, tatu. Uzuri wake tuukubali bila kinyongo. Mwalimu huyu hachoki. Utamrudisha nyuma mara 40 naye atarudia kwa tabasamu lilelile. Ukitaka aende polepole, anakwenda polepole. Haangalii saa, hadai chake kabla hujavua viatu. Tena mara nyingine ni bingwa hasa, mtu ambaye kwa kawaida usingemkaribia hata kwa barua. Kwa upande wa hatua, yaani mguu gani uende wapi kwa pigo lipi, video inafundisha vizuri. Lile boksi la walzi, hatua sita kwa mapigo matatu mara mbili, kijana mwenye akili analishika jioni moja.

Sasa tuje kwenye kasoro. Ya kwanza ni ndogo: mwalimu amekugeukia, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwako, na usipoambiwa mapema utajifunza dansi ya kinyume. Ya pili ni kubwa zaidi: wewe unamwona, yeye hakuoni. Na katika dansi jambo kubwa kuliko yote halionekani hata kwa macho. Ni uzito. Kila unapopiga hatua, uzito wako wote sharti uhame kutoka mguu huu kwenda ule. Ukiacha nusu nyuma, hatua inayofuata utachelewa, na mwenzio hatajua mguu wako upi uko huru. Jirekodi kwa simu, utaziona shingo iliyoinama na mabega yaliyopanda. Uzito hutauona. Mtu aliyekushika anaujua papo hapo, kabla hujamaliza hatua.

Kasoro ya tatu ndiyo inayoniuma. Video inamfundisha mtu mmoja jambo la watu wawili. Kuongoza katika dansi hakutoki kwenye vidole. Kunatoka kifuani na mwilini, mikono inapeleka habari tu. Bwana harusi aliyefundishwa na simu hajui hilo, basi anamsukuma mwenzake kama mkokoteni wa maji. Bibi harusi naye, aliyejifungia chumbani na simu yake, amekariri zake. Wanakuja ukumbini kila mmoja na dansi yake mfukoni. Wameshikana, lakini kila mmoja anacheza peke yake.

Halafu kuna suala la wimbo. Walzi ni mapigo matatu. Katika mashindano huchezwa kwa mapigo kama 84 hadi 90 kwa dakika. Nyimbo nyingi za mapenzi za Bongo Fleva tunazozipiga harusini zina mapigo manne. Nimewaona maharusi waliokariri walzi safi kabisa, DJ akaweka wimbo wa mapigo manne, miguu ikaenda Nzega na muziki ukaenda Singida. Video yao haikukosea neno. Ila haikuwapo pale kuwaambia, jamani, huu si wimbo wake.

Msidhani ubishi huu umeletwa na simu. Miaka ya 1920 Mmarekani Arthur Murray alikuwa akiuza mafunzo ya dansi kwa posta: mteja anapata michoro ya nyayo, anaipanga sakafuni, anakanyaga. Uingereza, Victor Silvester, bingwa wa dunia wa mwaka 1922, aliandika kitabu cha mafunzo mwaka 1927, na baadaye akafundisha hatua kwa redio ya BBC. Fikiria dansi kwa redio! Lakini tazama mwisho wa Murray: utajiri wake mkubwa ulitoka kwenye shule za dansi zilizobeba jina lake. Nyayo za karatasi ziliwaamsha watu hamu, kisha hamu ikawapeleka kwa mtu wa kuwashika mkono.

Basi mwalimu ameshinda? Ngoja kwanza. Mwalimu wa mtu mmoja naye ana kasoro ambayo wapenzi wake hawaisemi. Yeye ni fundi, akikushika anakubeba. Unajiona umeiva, kumbe ulikuwa unaelea juu ya ufundi wake. Siku ya kumshika asiyejua, unazama. Na akishalipwa anapanda basi pale Misigiri, ujuzi wake unaondoka naye. Maharusi wale wawili wanajua, kijiji hakijui. Msimu ujao wa harusi tunaanza upya, na asiye na fedha anabaki na bando lake.

Ndiyo maana naona pande zote mbili zinabishania mlango mmoja. Video na mwalimu wa faragha vinamtaka mtu ajifunze peke yake. Dansi ya nchi hii haikuanza hivyo. Katika miaka ya 1920 na 1930, vijana wasomi wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam walikuwa na klabu zao za dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Kuanzia mwaka 1933 zikaanza kutolewa santuri za GV, zenye muziki wa Kuba, zikapendwa mno Afrika. Mwaka 1944 ikazaliwa Morogoro Jazz, na Tabora nako wakapata Kiko Kids wao. Santuri ilikuwa video ya enzi zile: kitu kutoka mbali, kisichokujua wala kukuona. Tofauti ni kwamba gramafoni ilikuwa ya watu wengi. Iliwekwa katikati na watu wakaizunguka.

Hata video yenyewe hatukuipokea mmoja mmoja. Mnavikumbuka vibanda vya video. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alijipatia jina kwa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili. Picha ilikuwa ya wageni, lakini katikati yake na mtazamaji palikuwa na sauti ya mtu wa hapa akisema: angalieni, sasa linatokea hili. Simu ndiyo iliyotufungia kila mtu chumbani kwake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa klabu. Watu 12, simu moja, ua uliosakafiwa. Video inaonyesha hatua, kisha inazimwa. Mnashikana, mnabadilishana wenzi kila wimbo, na kila mmoja anaongoza na kuongozwa, mwanamume kwa mwanamke. Aliyekanyagwa aseme amekanyagwa. Mkichanga, mleteni yule mtaalamu kwa siku mbili awafundishe wote, badala ya majuma mawili kwa maharusi wawili. Atakapopanda basi atakuwa ameacha walimu 12.

Najua kuna neno linabaki. Msichana wa hapa akionekana ameshikwa kiuno na mvulana asiye wake, habari itafika nyumbani kabla yake. Kwake yeye simu ndiyo mwalimu pekee asiyemletea maneno, nami siwezi kumlaumu kwa kufunga mlango. Lakini dawa ni kuifanyia dansi mchana, uani, mama na shangazi wakiwa wamekaa palepale wakichambua mboga. Ngoma za wazee wetu zilifunzwa uwanjani mbele ya macho ya watu, na macho hayohayo ndiyo yaliyozilinda.

Nayasema haya kwenye gazeti la waandishi kwa sababu nasi ugonjwa wetu ni huohuo. Tunasoma vitabu vya namna ya kuandika, tunakariri mtiririko na taharuki, kisha tunajifungia. Hadithi nayo inachezwa wawili, mwandishi na msomaji, na uzito ulioachwa nyuma katika sentensi mwandishi mwenyewe hauoni. Anauhisi msomaji anapojikwaa. Kama pale ulipo hakuna mhariri wa kumlipa, watafuteni wenzenu watano, msomeane kwa sauti kila Jumamosi. Sisi wa Ulemo tutaanza na chacha, kwa kuwa ina mapigo manne na ma-DJ wetu wanayo.