Hongera kwa Msaragambo

Kuanzia Kihurio tambarareni hadi vijiji vya milimani, Wapare wana hazina iitwayo msaragambo: wito ukitoka, kila kaya hutoa mtu wa kazi. Elimu ya misheni ilifika mapema Upare. Waadventista waliweka kituo Giti mwaka 1903. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu, hivyo shule kongwe za misheni za huku, zilizojengwa baadaye, hutegemea wenyeji na msaragambo wao. Wao ndio wabebao mawe, wachotao maji, wabadilishao boriti zilizoliwa na mchwa. Hongereni sana! Nawaomba jambo moja: ukuta uliojengwa kwa chokaa uzibeni kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, ukuta ukabomoka.