Chanda Chema na Pete Iliyochelewa

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Methali hiyo nimeifundisha miaka mingi, na karibu kila darasa halikosi mwanafunzi mmoja mwerevu anayeuliza: je, pete isipofika kwa wakati wake, chanda kinaacha kuwa chema? Swali hilo nataka kulijibu hapa kwa kumtazama mtu ambaye wengi wetu hatulijui jina lake, ingawa huenda tumekwisha kuusikia muziki wake kupitia vidole vya watu wengine. Naye ni Davy Graham, mpiga gitaa wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki dunia mwaka 2008.

Baba yake alikuwa Mskoti wa kisiwa cha Skye, na mama yake alitoka Guyana, iliyokuwa wakati ule koloni la Waingereza huko Amerika ya Kusini. Alikulia London, akaanza kupiga gitaa alipokuwa na miaka 12. Miongoni mwa waliomvutia ujanani ni Steve Benbow, mpigaji aliyezunguka nchi nyingi akiwa askari na kurudi nyumbani na ladha ya muziki wa Morocco. Mwaka 1959 shirika la BBC lilionyesha filamu fupi ya Ken Russell kuhusu homa ya gitaa iliyowashika vijana wa Uingereza. Wengi wa vijana hao walijua kukwangura nyuzi zote kwa pamoja na kuimba juu yake, basi. Lakini ndani ya filamu ile yumo kijana wa miaka 18 aliyeketi na gitaa lake, anapiga Cry Me a River bila kuimba neno, na gitaa peke yake linatosha. Huyo ndiye Graham.

Msomaji asiyepiga gitaa pengine atauliza ugumu uko wapi. Katika upigaji wa vidole, dole gumba hubeba sauti nzito za chini, na vidole vingine huchukua wimbo wenyewe juu. Mtu mmoja anafanya kazi ya wawili au watatu, na mikono yake lazima ikubaliane huku kila kidole kikifuata njia yake. Kipande cha Graham kiitwacho Angi, kilichotolewa katika santuri ndogo mwaka 1962, ni mfano mzuri kuliko yote. Sauti nzito inashuka ngazi nne, inarudi juu, inashuka tena, kama mtu anayeteremka kisimani na kupanda na ndoo bila kuchoka. Juu ya mwendo huo usiobadilika vidole vinacheza, vinachelewa kidogo, vinawahi kidogo, vinatania. Ukikisikiliza mara ya kwanza utadhani wapigaji ni wawili. Ukikisikiliza mara ya kumi utagundua kwamba utamu wake umo katika ule ugomvi mdogo kati ya dole gumba lisilokubali kuyumba na vidole visivyokubali kutulia.

Kila kijana wa Uingereza aliyetaka kuitwa mpiga gitaa ilimpasa kukijua kipande hiki. Bert Jansch, Mskoti aliyekuja kuwa bingwa mkubwa, alikirekodi katika santuri yake ya kwanza mwaka 1965. Paul Simon, Mmarekani aliyekaa Uingereza katika miaka ile, alikichukua akakiweka katika santuri ya Sounds of Silence ya mwaka 1966. Hivyo nyumba nyingi sana duniani ziliupokea muziki wa Graham pasipo kumjua Graham.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, nalo lilitokana na safari. Graham alikwenda Morocco, akakaa na wapiga udi, akataka kupiga pamoja nao. Hapo gitaa lilimshinda, maana kwa desturi nyuzi zake zimepangwa ili mpigaji aweze kukusanya sauti kadhaa kwa mpigo mmoja, na mikusanyiko hiyo humwambia msikilizaji mapema kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni. Udi hauendi hivyo. Wimbo wake ni uzi mmoja mrefu unaopindapinda. Graham hakuwaomba wenyeji wamfuate yeye. Alilegeza nyuzi tatu kati ya sita, kila mmoja kwa hatua moja nzima: wa kwanza, wa pili na wa sita. Nyuzi zikasomeka D-A-D-G-A-D, na kwa herufi hizo mpangilio huo unajulikana hadi leo. Gitaa likapata mvumo wa chini unaodumu, na ukipiga nyuzi hizo wazi, haziegemei furaha wala huzuni. Zinasubiri wimbo uamue.

Matunda yake yanasikika katika ule wimbo wa Kiayalandi wa kijana na mchumba wake aliyepita sokoni, ambao Graham aliurekodi mwaka 1963 kwa gitaa tupu. Anauanza kama mzee anayekumbuka, kisha anaupeleka taratibu upande wa Mashariki, hadi hujui kama uko Ayalandi, Tangier au India. Wala si kiini macho. Nyimbo za zamani za Waayalandi na Waskoti, kama zile za Waarabu, zilitungwa kabla ya mikusanyiko ya sauti kuenea, na Graham aliusikia udugu huo wakati wengine walikuwa wakiona mipaka tu.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa udi ni nini, kwa kuwa taarabu imetulea nao. Ndiyo maana msikilizaji wa Mombasa au Unguja anaweza kumwelewa Graham upesi kuliko jirani zake wa London. Tena upigaji wa vidole hatukuletewa na yeye. Mwaka 1952 Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey akipiga Masanga na kuuimba kwa Kiswahili, na gitaa lake moja lilisikika kama magitaa kadhaa. Simtaji Mwenda ili kudai kwamba mmoja alijifunza kwa mwenzake. Namtaja kwa sababu ukiwasikiliza watu hawa wawili mfululizo unaona kuwa kila mmoja kwao alijiuliza swali lile lile: mtu mmoja mwenye nyuzi sita awezeje kuwa kundi zima?

Sasa nije kwenye dosari, kwa sababu mhakiki anayesifu tu ni mpambe. Graham hakuwa mwimbaji mzuri. Sauti yake ni kavu na haina upana, na katika santuri ya Folk, Blues & Beyond, aliyoirekodi mwaka 1964, mara nyingi tunavumilia uimbaji ili tulifikie gitaa. Santuri hiyo ina blues za Wamarekani weusi, nyimbo za kale za Uingereza, jazi ya Charles Mingus, na kipande kiitwacho Maajun chenye harufu ya Tangier. Ni karamu ya vyakula vingi ambayo mgeni anaondoka akikumbuka vichache. Kazi yake iliyokamilika zaidi, kwa maoni yangu, ni Folk Roots, New Routes ya mwaka huo huo wa 1964, aliyoifanya na mwimbaji Shirley Collins wa Sussex. Mama huyu huimba bila mapambo yoyote, kama anayesimulia habari ya kweli. Hapo Graham anapata alichokikosa, yaani sauti ya binadamu iliyotulia ambayo gitaa lake linaweza kuizunguka. Hampambi wala hamfuniki. Anamtandikia njia.

Baada ya hapo njia yake mwenyewe ikawa nyembamba. Heroini iliingia maishani mwake, na miaka ambayo wenzake walikuwa wakijaza kumbi, yeye alizidi kutoweka. Alirekodi tena. Alifundisha gitaa, akajitolea katika vyama vya kuwasaidia wenye maradhi ya akili. Mwaka 2005 redio ya BBC ilitangaza kipindi ambacho jina lake tu linauma, maana kiliuliza Davy Graham alipatwa na nini. Akarudi jukwaani, akatoa santuri moja zaidi mwaka 2007, na mwaka uliofuata akafariki kwa saratani ya mapafu.

Wengi walioandika habari zake humwita mtangulizi. Ni sifa, lakini ina tundu. Humpima mtu kwa waliomfuata, kama kwamba Angi ilikuwa ikingoja Jansch aje kuipa maana, au ule mpangilio wa nyuzi ulikuwa ukingoja mwaka 1975 Led Zeppelin waupigie Kashmir. Mimi niliyetumia umri wangu kuwaandaa walimu naijua sifa ya namna hiyo, kwa sababu ndiyo tunayopewa sisi siku ya kuagwa: wanafunzi wako wamefika mbali. Husemwa kwa nia njema, lakini hakuna anayeuliza kama somo lenyewe lilikuwa zuri saa ile lilipofundishwa.

Somo la Graham lilikuwa zuri saa ile ile. Sikiliza Angi ukijisahaulisha majina yote yaliyokuja baadaye. Bado dole gumba linashuka ngazi zake nne kwa heshima, bado vidole vinatania juu yake. Mpigaji ana miaka ishirini na kitu, hajui nani atamwiga wala nani atamsahau, na kila sauti imekaa mahali pake.

Kwa hiyo nikirudi kwa yule mwanafunzi mwerevu, jibu langu ni hili. Pete ni kazi ya watu, na watu huchelewa, hukosea nyumba, pengine humvika jirani. Wema wa chanda ni kazi ya chanda. Methali haikusema kwamba chanda huwa chema kwa kuvikwa pete. Imesema chema ndicho huvikwa, na wema umetangulia. Davy Graham aliipata pete yake akiwa mzee, na haikumkaa sawasawa. Lakini vile vidole tunavyo, katika santuri, na asiyeamini na asikilize.