Bw. Hakurudi

Ndugu msomaji, kabla hatujaanza kubishana, soma kwanza maneno haya taratibu:

"Bw. Shamba alipanda Uluguru saa 2.30 asubuhi akiwa na mbegu, dawa, majembe, n.k. Hakurudi."

Nimeyatunga mwenyewe, kwa hiyo ubaya wake ni wangu. Niliyatunga jioni moja hapa Mazimbu, kwenye majengo ambayo zamani yalikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, yakakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nilikuwa na rafiki yangu anayesoma informatiki. Nikamwuliza, "Hapo pana sentensi ngapi?" Akacheka. "Mbili, bwana. Hilo nalo swali?"

Basi tukaiuliza kompyuta yake. Jamaa ana programu mbili za kuhariri matini, zile wanazozipenda watu wa kompyuta. Kila moja ina amri ya kuruka kutoka sentensi hadi sentensi. Unabonyeza, unatazama kishale kimetua wapi, unahesabu. Ya kwanza, Vim, iliona sentensi tatu. Ya pili, Emacs, iliona moja tu. Msomaji wa kawaida anaona mbili. Mambo ni hayo.

Tukaendelea na utundu. Katika Vim tukaweka kishale kwenye neno "Shamba" tukaiamuru ifute sentensi nzima. Ikafuta kama ilivyoambiwa. Kwenye kioo pakabaki maneno mawili: "Bw. Hakurudi."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mtu mpya amezaliwa, ana cheo, ana jina, na hana habari yoyote. Lakini usiku, nikiwa kitandani, kile kicheko kikaanza kunikereketa. Nilikuwa nimemaliza kusoma hadithi zilizoletwa kwetu na waandishi chipukizi, na ghafla nikahisi kwamba huyo Bw. Hakurudi nilikwishakutana naye humo, tena mara nyingi.

Hebu tuone kwanza mashine inafikirije. Kwa kweli haifikiri, inatazama alama na nafasi. Kwa Vim, sentensi imekwisha ukikuta nukta, alama ya mshangao au ya kuuliza, halafu nyuma yake kuna nafasi au mwisho wa mstari. Kwa kanuni hiyo, "Bw." ni sentensi kamili, maana ina nukta na nafasi. "2.30" imepona kwa sababu baada ya nukta hakuna nafasi. Na "n.k." ya mwisho imekubaliwa kuwa mwisho wa sentensi, na safari hii ni kweli, ila mashine imepatia kwa bahati.

Emacs inadai zaidi. Usipoibadilisha, inataka nukta ifuatwe na nafasi mbili, au iwe mwisho wa mstari. Mimi niliweka nafasi moja, kwa hiyo kwake hakuna kilichokwisha mpaka mwisho wa aya. Ukiuliza hizo nafasi mbili zimetoka wapi, jibu liko kwa makatibu muhtasi wa zamani. Wengi waliojifunza kupiga chapa kwa taipureta walifundishwa kwamba baada ya nukta unapiga nafasi mara mbili. Programu ya vi, mama yake Vim, na Emacs ya kwanza zote ni za mwaka 1976, enzi ambazo taipureta ndiyo iliyokuwa ikitawala ofisi. Hata hiyo vi ya awali ilidai nafasi mbili. Faida yake ilikuwa moja: nafasi mbili humwambia mtu na mashine kwamba hapa nimemaliza, na nafasi moja husema hiki ni kifupisho tu, endelea. Ukiandika "Bw." kwa nafasi moja na kumaliza kila sentensi kwa nafasi mbili, Emacs haikosei kwa Bw. Shamba. Kumbe yule katibu muhtasi wa miaka hiyo alikuwa na adabu ya nukta kuliko sisi!

Na sasa tazama dunia ilivyogeuka. Kwenye simu nyingi za leo, ukigusa kitufe cha nafasi mara mbili, simu yenyewe inakuwekea nukta. Zamani nukta ndiyo iliyoita nafasi mbili. Leo nafasi mbili ndizo zinazoita nukta. Kidole kikiteleza, sentensi imekwisha. Mwandishi hana habari.

Simlaumu aliyetengeneza Vim. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991 na kufariki mwaka 2023, aliwahi kufanya kazi katika kituo cha watoto huko Kibaale, Uganda. Kwa miaka mingi, ukiifungua Vim bila faili, kioo kimekuwa kikikuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Kwa hiyo Afrika Mashariki aliijua. Lakini kanuni ya nukta haijui Bw., Bi., Dkt. wala taz., kama isivyojua kifupisho cha Kiingereza. Inajua nafasi.

Tuje kwenye aya. Hapa ndipo ninapotaka kugombana na washairi.

Kwa Vim, aya hutengwa na mstari mtupu, tena mtupu hasa. Ukiacha nafasi moja tu isiyoonekana kwenye mstari huo, haukubali. Emacs nayo kwa matini ya kawaida inatazama mistari mitupu. Programu za ofisini, kama Word, zina sheria nyingine: kila ukibonyeza Enter, umeanza aya mpya. Sasa chukua shairi la tarbia lenye beti kumi. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo umeumaliza kwa Enter. Word itakuhesabia aya 40. Vim, mradi umeacha mstari mtupu baada ya kila ubeti, itaona aya kumi. Yaani ile programu kongwe ya mafundi ndiyo inayouona ubeti! (Katika Word, ukibonyeza Shift na Enter kwa pamoja mwisho wa mshororo, ubeti unabaki aya moja. Washairi, chukueni hilo bure.)

Ila wazee wetu hawakuhitaji mstari mtupu. Tenzi za kale ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na humo nukta ilikuwa na kazi nyingine kabisa: ilikuwa sehemu ya herufi, ya kumtenga ba na ta. Je, msomaji wa Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 alijuaje ubeti umekwisha? Alisikia. Vipande vitatu vinakubaliana kina, cha nne kinatua kwenye kina cha bahari, kile kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Sikio linasema: hapa. Katika shairi, mshororo wa mwisho tunauita kituo, na sioni jina linalofaa zaidi, maana hapo gari husimama na abiria hushuka. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, watu wengi waliona ameweka pingu. Mimi leo naona pia alikuwa anaeleza jinsi sikio linavyojua lilipofika.

Halafu mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Ugomvi ule mnaujua, na sitaufufua wote. Nasema neno moja tu ambalo sijalisikia likisemwa vya kutosha katika vikao vyetu. Ukiondoa kina, umeondoa kituo cha sikio. Lazima uweke kituo kingine, na kilichobaki ni jicho: mahali mstari unapokatika, na weupe wa karatasi kati ya fungu na fungu. Kwa mtunzi wa mashairi huru, ule mstari mtupu una mzigo wote uliokuwa umebebwa na kina. Kuukosea ni sawa na mtunzi wa tarbia kukosea kina katika kituo. Vijana wengi wanaoleta mashairi huru kwetu wanadhani wamepewa ruhusa ya kutojali. Wamekabidhiwa kazi ngumu zaidi.

Sasa hadithi. Kwenye hizo nilizosoma kuna magonjwa mawili. La kwanza ni ukurasa usio na aya hata moja, maneno yamesongamana kama abiria wa daladala la asubuhi. La pili ni kinyume chake: kila sentensi ni aya yake, na kila sentensi ina maneno matatu.

Akaamka.

Akajitwika kikapu.

Akashuka bondeni.

Akakuta mto umejaa.

Akarudi.

Mwandishi mmoja aliniambia kwamba hivyo ndivyo inavyosomeka vizuri kwenye simu. Labda. Lakini Kiswahili kina -ka-, na -ka- ni kamba. Kazi yake ni kufunga tendo kwenye tendo lililotangulia. Bibi anayesimulia ngano huko milimani hakati kamba hiyo ovyo: akaamka, akajitwika kikapu, akashuka bondeni, akakuta mto umejaa. Hapo anavuta pumzi. Anatutazama. Akarudi. Nukta moja, na imewekwa mahali pa kuumiza. Ukiweka nukta tano za uzito mmoja, mto uliojaa una thamani sawa na kikapu.

Aya nayo ina alama yake katika simulizi. Msimulizi akisema "Basi," watoto wanajua jambo limekwisha na lingine linaanza. Nilimwambia rafiki yangu wa informatiki, naye macho yakamng'aa. Akasema Emacs inaweza kufundishwa: kuna mahali unapoiandikia mfano wa mwanzo wa aya, nayo inautii. Tukaandika kwamba mstari ukianza na "Basi," hiyo ni aya mpya. Tukaifungulia ngano niliyoiandika kutoka kwa bibi yangu. Ikaruka vizuri kabisa, kutoka kwa sungura hadi kwa fisi, kutoka kwa fisi hadi kisimani. Nikafurahi kama mtoto. Kisha tukaifungulia hadithi nyingine, ya kijana anayeondoka Morogoro kwenda kutafuta maisha, na kishale kikasimama kwa heshima zote mbele ya mstari huu: "Basi la Dar lilikuwa limeshaondoka Msamvu."

Kituo kweli, lakini cha mabasi.

Rafiki yangu hakukata tamaa. Alisema, na ana haki, kwamba siku hizi kuna programu ambazo hazipewi kanuni moja ya nukta, zinasomeshwa maandishi mengi mpaka zinazoea kwamba baada ya "Bw." sentensi bado inaendelea. Basi la Msamvu zitalitambua pia. Nakubali. Lakini nikamwuliza: zinasomeshwa maandishi ya nani? Kwa Kiswahili, akasema, yale yatakayopatikana. Yaani ya kwetu. Kama sisi tunaweka nukta pale kidole kilipoteleza, na aya pale kioo cha simu kilipojaa, mashine itajifunza hayo hayo, kisha itawarudishia wadogo zetu kama ndiyo sheria ya lugha. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, kuliko kanuni ya nafasi mbili. Ile ya zamani ilikosea waziwazi, ukaweza kucheka. Hii itakosea kwa sauti yetu.

Najua atatokea msomaji wa kusema, "Wewe unataka kutufunga, kama wale wa vina." Sivyo. Anayetaka kuandika ukurasa mzima bila nukta aandike, mradi tusikie kwamba anakimbia na ana sababu ya kukimbia. Anayetaka sentensi ya neno moja aiweke. "Hakurudi" ni neno moja, na katika jaribio langu ndilo pekee lenye uzito. Ninachodai ni kwamba mtu awe ameamua. Njia rahisi ya kujua kama umeamua ni ile ya bibi: soma kwa sauti, mbele ya mtu. Pale pumzi yako inapotua na pale nukta yako ilipo, je, ni mahali pamoja? Kama hapana, kuwe na sababu unayoweza kuitetea.

Nimezirudisha zile hadithi kwa wenyewe na ombi hilo moja tu. Wawili wamenuna. Mmoja amerudi. Hadithi yake, ile iliyokuwa na sentensi sabini za maneno matatu matatu, sasa ina aya sita, na katika aya ya tano kuna nukta moja ambayo nilipoifikia niliacha kusoma, nikatazama nje, mpaka Uluguru ikapotea gizani. Tutaichapa.

Mashine yetu bado inasema hadithi hiyo ina sentensi sita.