Maamuzi ya Jiji Bila Umma

Kuhusu maamuzi ya baraza la jiji, swali la msingi ni hili: nani anaamua, na nani anafuatilia? Historia ya Dar es Salaam ina fundisho. Madaraka Mikoani ya 1972 yalifuta mabaraza. Huduma za miji zikazorota, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, Tume ikashika hadi 2000. Mwaka 2021 ikavunjwa tena, Ilala ikapandishwa kuwa jiji.

Tuseme wazi: mara zote kilichobadilishwa ni umbo, si uhusiano wa kikao na umma. Diwani wa kata huchaguliwa na wananchi. Mkurugenzi, mtekelezaji wa maamuzi, huteuliwa na Rais. Diwani asiyefuatilia hugeuka mpiga muhuri wa makabrasha ya wataalamu.

Tuchukue asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo tangu 2018 sheria inaitenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Baraza laweza kuipitisha kwa kauli moja. Lakini mama lishe wa Buguruni asipojua fungu ni kiasi gani na limekwenda kwa nani, azimio hilo ni karatasi tu.

Mwongozo wa 1971 ulidai wananchi washiriki kufikiri, kupanga na kutekeleza. Basi kazi ya kada ni kuhakikisha maazimio yanasomwa katika mkutano wa mtaa, na utekelezaji wa yaliyotangulia unaulizwa kwanza. Umma usiojua kilichoamuliwa hauwezi kumwajibisha aliyeamua.