Kusafisha au Kutakasa?
Istilahi "kimeng'enya" yafaa, kwani hutaja kazi: amilasi humeng'enya wanga kuwa sukari, kama wajuavyo wapikao pombe kwa kimea cha wimbi huko Butiama na Bunda. Amilasi hutolewa pia kwa bakteria, na hapo wafasiri hukosea waandikapo "kusafisha kimeng'enya". Bakteria wakisha kuchujwa, amilasi hubaki majini pamoja na protini nyingine, ambazo si uchafu. Mwanafunzi aambiwaye "safisha" huchuja, akadhani amemaliza. Twapendekeza "kutenga" kwa kila hatua ya kuziondoa protini hizo, na "kutakasa" kwa kazi nzima, ambayo hupimwa kwa nguvu ya umeng'enyaji katika kila miligramu ya protini. Istilahi isiyoonyesha mwisho wa kazi humpoteza mtendaji.